Safari na orodha zilizonyamazishwa

Mstari ulioharibu mambo ni huu: list-style: none. Kwenye Chrome na Firefox unaondoa vitone pembeni, kazi yake imeisha. Kwenye Safari unaondoka na orodha yenyewe. Asiyeona anayesomewa na VoiceOver, kisoma-skrini cha Apple, hatangaziwi tena kwamba ameingia kwenye orodha, wala ina vitu vingapi, wala yeye yuko kwenye cha ngapi.

Wala si hitilafu. Wahandisi wa WebKit, injini ya Safari, walishasema wamekusudia: watengenezaji wa tovuti wamezidi kutumia ul kwa kila kitu, wasikilizaji wamechoshwa na matangazo. Malalamiko ni ya kweli, dawa ni mbovu. Kivinjari kinatazama sura kisha kinakisia nia ya mwandishi, na kwamba ni kukisia tu kinakiri chenyewe, maana orodha iliyo ndani ya nav imesamehewa. Kwa hiyo menyu ya juu, ambayo kila mtu anataka kuiruka, inatangazwa kwa heshima zote. Orodha ya viungo vya pilau, ambayo mpishi anahitaji kujua ina vitu vingapi, inasomwa kama maneno yaliyomwagika.

Håkon Wium Lie na Bert Bos walipotoa CSS1 mwaka 1996, none ilihusu sura tu. HTML inasema kitu ni nini, CSS inasema kionekaneje. Wale walijua mpaka uko wapi.

Na zile laha za kufuta mitindo, kuanzia ya Eric Meyer hadi Preflight ya Tailwind, nimezisema sana humu na bado sijamaliza: list-style: none kwa kila ol na ul ya tovuti nzima, kabla hujaandika neno moja.

Kwingine kwenye mitindo ya orodha Safari haina lawama kubwa: ::marker iliileta 2018, mbele ya Chrome, na @counter-style ikafika 2023, japo Firefox ilikuwa nayo tangu 2014. Ukitaka (a), (b), (c) kama zilivyo sheria zetu, system: extends lower-alpha pamoja na prefix na suffix zinatosha.

Ila turudi kwenye none: andika list-style-type: "" mahali pake. Vitone vinatoweka vilevile, na Safari inaendelea kuitambua orodha! Jicho halioni tofauti yoyote. Sasa ile hoja ya sura imekwenda wapi? Njia nyingine ni kuweka role="list" kwenye ul, na hapo kikaguzi cha HTML cha W3C kitakuonya kwamba role hiyo haihitajiki.