Dhana ya "Nyumbani" katika Chozi la Heri: Usomaji Kutoka Naivasha

Makala haya yanaichunguza riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2017), kwa kuiweka kando ya mji ambao riwaya yenyewe haiutaji: Naivasha. Hatudai kwamba mwandishi alisawiri mji huo. Tunachouliza ni hiki: fasihi inapotuonyesha mkimbizi aliyefurushwa nyumbani, ni "nyumbani" kwa namna gani kunakokusudiwa?

Naivasha ni mji wa wahamiaji. Mashamba ya maua yalipopanuka kuanzia miaka ya 1980, vibarua walitoka Nyanza, Magharibi na Mkoa wa Kati, wakapanga vyumba katika mitaa kama Karagita na Kabati. Kiswahili kikawa lugha ya shambani, ya sokoni na ya ploti. Mji huo ndio uliokuwa mwenyeji wa mazungumzo ya amani ya Sudan, ambayo yalizaa mkataba uliotiwa saini jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliufikia. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki inaeleza jinsi watu 19 walivyoteketezwa katika nyumba moja mtaani Kabati. Maelfu ya wengine, hasa Waluo na Waluhya, walikimbilia kituo cha polisi na gereza. Kabla ya siku hiyo, mji ulikuwa umekwisha kuwapokea Wakikuyu waliofurushwa kwingineko katika Bonde la Ufa. Mji mmoja ukawa kimbilio la wakimbizi na chimbuko la wakimbizi kwa wakati mmoja.

Msomaji anayeijua historia hii atauona upesi ufundi wa Matei katika matumizi ya kinaya. Mwangeka yuko Mashariki ya Kati akidumisha amani ya watu wengine wakati familia yake inapoteketezwa nyumbani. Anayehusishwa na unyama huo ni Mzee Kedi, jirani, wala si adui aliyetoka mbali. Kwa njia hii riwaya inakataa kauli nyepesi kwamba vita huletwa na wageni. Ridhaa, baba yake Mwangeka, ameishi pale kwa miaka mingi na ni daktari anayewatibu watu wa hapo. Hata hivyo, uchaguzi unapofika anahesabiwa kuwa mtu wa kuja. Naye Subira anahesabiwa mgeni ndani ya ndoa yake mwenyewe. Katika vipengele hivi, riwaya inaifikia Naivasha bila kuitaja.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo usomaji wa kutoka Naivasha unalifichua. Wakimbizi ambao riwaya inawapa majina na nafasi kubwa ya kusimulia au kusimuliwa ni, kwa sehemu kubwa, watu wenye mali au taaluma: Ridhaa ni daktari, Selume ni muuguzi, Lunga alikuwa afisa katika shirika la maghala. Hasara ya Ridhaa inapimwa kwa jumba lililogeuka majivu. Mpangaji wa chumba kimoja hana jumba la kuteketezwa. Alichopoteza ni kodi aliyokwisha kulipa, godoro, sufuria, kazi ya shambani, na jirani aliyekuwa akimwachia mtoto. Hasara ya aina hii ni vigumu kuisawiri, kwa kuwa haiachi magofu.

Suala hili si la kifasihi peke yake. Mnamo Mei 2008 serikali ya Kenya ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Waliofurushwa walitengewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na wale ambao nyumba zao zilibomolewa shilingi 25,000 za kujenga upya. Jina la mpango huo lilichukulia kwamba kila mkimbizi ana boma linalomngoja. Je, kibarua wa Karagita arudi wapi? Akienda kwa wazazi wake Siaya au Busia ataambiwa amerudi nyumbani, ilhali maisha yake yalikuwa Naivasha. Waliopata hifadhi kwa jamaa au kupanga vyumba kwingine walibaki kwa muda mrefu nje ya orodha za misaada. Kwa mintarafu hii, riwaya na sera zinakutana katika dhana moja: nyumbani ni nyumba na ardhi.

Lakini Chozi la Heri haikomei hapo, na hapa ndipo penye thamani yake kuu. Mwangeka na Apondi wanamlea Umulkheri. Mwangemi na Neema wanamlea Mwaliko. Nyumbani kunaacha kuwa suala la damu na ardhi, kunakuwa suala la mlango uliofunguliwa. Wahakiki wanaolalamikia wingi wa sadfa katika kuwakutanisha ndugu hawa wana hoja, ila sadfa hiyo isitufiche wazo lenyewe. Udhaifu tunaouona sisi ni kwamba wanaofungua mlango ni wenye uwezo, na anayepokewa hungoja kupokewa. Katika Maai Mahiu, si mbali na Naivasha, baadhi ya waliofurushwa kutoka Eldoret walichanga fedha, wakanunua ardhi pamoja, wakajiita Vumilia. Hawa hawakurudi nyumbani wala hawakulelewa na mtu. Walijitengenezea nyumbani kwingine. Mhusika wa aina hii hajapata nafasi ya kutosha katika riwaya yetu.

Riwaya hii imetahiniwa katika shule za upili za Kenya, na bila shaka baadhi ya wanafunzi walioisoma ni watoto wa wapangaji wa mwaka 2008. Mwalimu anayeifundisha hatakosea akiwauliza, kabla ya kuwapa orodha ya dhamira na wahusika, kama wanajiona humo. Jibu lao litakuwa sehemu ya uhakiki wa kazi hii.