Kulainisha Maji kwa Chumvi: Kipimo Kwanza, Gunia Baadaye

Mashine ya kulainisha maji ikianza kutoa maji magumu, wengi hukimbilia gunia la chumvi. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi tiba haimo ndani ya gunia hilo. Kinachohuisha resini, yaani punje zinazonasa ugumu ndani ya mashine, ni ukali wa maji ya chumvi na muda yanaokaa ndani yake. Chumvi ikipita kiasi fulani huishia mtaroni, pamoja na fedha ya aliyeinunua. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa kuwa visima vingi vya pwani ya Kenya na Tanzania vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, na maji yake hutoka na kalsiamu yaliyoiyeyusha njiani. Sabuni haitoi povu, birika hushika magamba meupe, na mabomba ya boila huziba taratibu.

Ndani ya tangi mna punje ndogo za plastiki zenye rangi ya kaharabu, nyingi zikiwa na upana usiofika milimita 1, na kila punje imebeba ioni za sodiamu. Maji magumu yakipita, kila ioni ya kalsiamu au magnesiamu inayonaswa hutoa nje ioni mbili za sodiamu. Resini huipendelea kalsiamu kwa sababu ina chaji mbili. Sasa, kama huipenda kiasi hicho, chumvi ya kawaida huing'oaje? Jibu ni ukali wa mchanganyiko. Katika maji ya kawaida, yenye madini machache, upendeleo huo ni mkubwa. Katika maji yenye chumvi ya asilimia 10 hivi hushuka sana, na sodiamu huishinda kalsiamu kwa wingi wake. Ndiyo maana maji ya chumvi yaliyozimuliwa hadi asilimia 2 au 3 hufanya kazi ndogo kuliko yale makali, hata kama kilo za chumvi ni zile zile. Yakipitishwa mbio, hasara ni ile ile, maana ioni zinahitaji muda wa kupenya hadi moyo wa punje. Desturi ya mafundi ni kuyaacha yapite polepole kwa nusu saa hivi, baada ya kuisukasuka resini kwa maji yanayopanda kutoka chini ili matope yaliyonaswa yatoke.

Tuchukue tangi lenye lita 100 za resini na maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti. Kikemia, gramu 1 ya ugumu inadai gramu 1.17 za chumvi, lakini hakuna mashine inayofikia ubora huo. Ukihuisha kwa gramu 96 za chumvi kwa kila lita ya resini, yaani kilo 9.6, unapata uwezo wa kunasa takriban kilo 4.6 za ugumu, unaotosha mita za ujazo 15 za maji. Ukipandisha hadi gramu 240, yaani kilo 24, uwezo unafika kilo 6.9, sawa na mita za ujazo 23. Chumvi imepanda mara mbili na nusu. Maji yameongezeka kwa nusu tu. Gunia la kilo 50 linalainisha mita za ujazo 80 hivi kwa kipimo cha kwanza, na 48 kwa cha pili. Sababu yake si fumbo: chumvi inayotangulia hukuta resini imejaa kalsiamu na hufanya kazi nzuri, ilhali ile ya mwisho hukuta sehemu kubwa imekwisha kuhuishwa, nayo hupita bila kazi.

Kuna anayesema kwamba kipimo kidogo huwalazimu watu kuhuisha mara nyingi zaidi, na kila mara maji ya kusuuzia humwagwa. Ni kweli. Tukikadiria mita 1 ya ujazo ya maji kwa kila zamu, kulainisha mita 1,000 kutamwaga takriban mita 65 kwa kipimo kidogo na 43 kwa kikubwa. Lakini kwa hizo mita 22 za ziada tunaokoa chumvi zaidi ya kilo 400, na chumvi hiyo haipotei ikishamwagwa: kloridi yake huenda kwenye shimo la maji taka, kisha ardhini, pengine hadi kwenye kisima kile kile. Marekani wamekwisha kulikabili hili. Jimbo la California liliweka kiwango kwa mashine za majumbani zilizofungwa tangu 2002, ambacho kwa vipimo vyetu ni chini kidogo ya gramu 1.8 za chumvi kwa gramu 1 ya ugumu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la waendesha boila: kipimo kidogo huacha kalsiamu chini ya tangi, nayo huvujia katika maji laini ya zamu inayofuata. Hapo nakubali kwamba boila ya shinikizo kubwa inastahili chumvi zaidi. Hata hivyo, dawa bora ni kupitisha maji ya chumvi kinyume cha njia ya maji ya kawaida, ili sehemu ya mwisho ambayo maji laini huigusa iwe ndiyo iliyohuishwa vizuri kuliko zote.

Kwa mashine za kawaida, kipimo hakiamuliwi na magunia yaliyorundikwa katika tangi la chumvi. Huamuliwa na maji yanayoingizwa humo, kwa kuwa kila lita huyeyusha gramu 360 hivi na kuishia hapo. Kilo 9.6 zinadai lita 27 za maji. Kilo 24 zinadai 67. Basi kabla ya kununua gunia jingine, chota maji yanayotoka kwenye mashine na kuyapima kwa matone ya kupimia ugumu: yakiwa mekundu kama divai, ugumu umebaki, yakiwa ya buluu, umekwisha. Kisha kagua kichujio cha njia ya maji ya chumvi, tope lililo chini ya tangi lake, na muda uliowekwa wa kuingiza maji.