Mbajuni asiyesema Kibajuni

Ndugu zangu, usemi wa kwamba lugha ndiyo kitambulisho cha mtu tunaurudia kila tukikutana. Hata mimi niliwahi kuusema jukwaani nikapigiwa makofi. Siku hizi unanikera, na walionifumbua macho ni Wabajuni.

Hawa ni wenyeji wa visiwa vilivyopangana kuanzia kusini ya Kismayu mpaka Faza na Kizingitini upande wa Kenya. Kibajuni chao ni Kiswahili cha kaskazini, ambamo mtu ni "mchu". Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi walikimbilia Mombasa, na baadhi wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Huko wakaambiwa, haya semeni tuwasikie. Aliyejibu kwa Kiswahili cha Mombasa akashukiwa kuwa Mkenya.

Jamani, mtoto aliyelelewa kambini Mombasa tangu ana miaka mitatu mlitaka aseme kama nani? Vita vimemnyang'anya lugha, halafu kule kuikosa kunageuzwa ushahidi dhidi yake!

Sisemi kipimo cha lugha hakina maana. Wapo waliojitia Ubajuni wapate karatasi, tusifichane. Lakini baraza la rufaa la uhamiaji la huko huko Uingereza lilisema mwaka 2004 kuwa madai ya Ubajuni yasiamuliwe kwa lugha peke yake: yatazamwe pia maisha aliyopitia mtu, na anavyoyajua mambo ya visiwani. Mwaka huohuo wanaisimu 19 wakatoa mwongozo kwamba uchambuzi wa lugha huonyesha mtu kakulia katika jamii gani, si uraia wake. Maneno ya haki kabisa, ila yalikuja baada ya wengi kupimwa.

Na sisi je? Vitabu vyetu humaliza Kibajuni kwa mstari mmoja katika orodha ya lahaja, hapa Kiamu, pale Kimvita, kama mashamba yaliyowekewa mipaka. Afisa wa ughaibuni akiisoma orodha hiyo kama ramani, nani aliyemchorea?

Juzi hapa London nilikuwa nikimweleza haya mzee mmoja wa Kibajuni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wewe, hicho Kiswahili chako ni cha wapi?" Mimi mzaliwa wa Mombasa, nasema cha shuleni; Kimvita cha bibi yangu nakisikia tu. Nikamwongezea chai.