Sinema «Sholay» na Kisasi

Sinema hii ya Kihindi ya mwaka 1975, kazi ya Ramesh Sippy, yapita saa tatu, wala haichoshi. Jambazi Gabbar aliua jamaa ya Thakur, polisi wa zamani, kisha akamkata mikono. Thakur anaajiri wezi wawili, Jai na Veeru, wamletee adui huyo akiwa mzima.

Tunasifu urafiki wa wezi hao. Jai anarusha sarafu yenye pande mbili sawa, ili yeye abaki nyuma afe, mwenzake apone. Katekista apate wapi mfano ulio wazi kuliko huu?

Mwisho wake tunaulaumu. Thakur anamkanyaga Gabbar kwa viatu vya misumari. Hapo kwanza alimwua. Wakaguzi wa sinema wa India wakakataa, na katika sinema iliyoonyeshwa mwaka ule polisi wanafika, wanamzuia. Sheria imeshika mguu, moyo haikuugusa. Na sisi watazamaji, tuliofundishwa saa tatu kutamani kifo kile, twawakasirikia polisi.

Ndugu wapendwa, hapa Kikula mtu akilia «Mwizi!», ni moyo huo unaookota jiwe. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Waroma kumwachia Mungu kisasi. Basi vijana wakiisha kutazama, tuwaulize kama walitaka Gabbar afe, na kwa nini.