Fundo la Hadisi

Mwanafunzi akipewa hadisi ya kuchungua, mara nyingi analeta kazi ya namna moja. Juu ya karatasi ameandika: watu wa hadisi, mahali, wakati, fundo, mwisho, fundisho. Chini ya kila neno ameweka mustari mumoja. Karatasi ni safi, lakini hadisi imekufa. Maneno yale si masanduku ya kujaza. Kila moja ni ulizo.

Tutwae kwa mufano Ngando, kitabu cha Paul Lomami Tshibamba. Kiliandikwa kwa Kifaransa, kikachapwa katika 1948, na mwaka ule ule kilipata zawadi kule Bruxelles. Wanaseminari watapenda kujua kwamba mutungaji huyu, aliyezaliwa Brazzaville katika 1914, alisoma katika seminari ndogo ya Mbata-Kiela, katika Mayombe.

Mambo yenyewe ni haya. Musolinga, mutoto wa Kinshasa, anatoroka masomo na kwenda kuoga mutoni. Mamba (ndiyo maana ya ngando kwa Kilingala) anamukamata, naye mamba huyo ni mutumishi wa walozi. Munsemvola, baba yake, anasaidiwa na nguvu za siri kusudi amurudishe, lakini kwa sharti moja: anyamaze mpaka wafike nyumbani. Njiani anafungua kinywa, na wote wawili wanapotea.

Basi, fundo ni wapi? Wengi wataandika: ni mamba. Hapana. Mamba ni tukio tu. Fundo ni lile sharti la kunyamaza. Mpaka pale tunaogopa kitu cha inje, chenye meno. Tangu pale tunaogopa kinywa cha baba mwenyewe. Jaribuni hivi: ondoeni mamba, wekeni ugonjwa, kitabu kitapungua utamu, lakini kitasimama. Ondoeni sharti, na Munsemvola anarudi kwake na mutoto mukononi: inabaki habari ya mutu shujaa, ya kusikiliza mara moja na kusahau.

Wazee wetu waliujua ufundi huo. Katika hadisi za jioni, mutu akiambiwa asifungue kibuyu fulani, hata mutoto mudogo anajua kwamba kitafunguliwa. Haulizi kama kitafunguliwa. Anauliza lini, na kwa sababu gani. Ndiyo maana halali usingizi.

Sasa lile fundisho. Kwa Ngando, mwanafunzi anaandika haraka: watoto wasitoroke masomo. Mwalimu atafurahi, lakini kitabu hakisemi hivyo. Kama ingekuwa hivyo tu, azabu ingekuwa ya Musolinga peke yake, na hadisi ingeisha pale pale mutoni. Munsemvola hakutoroka masomo. Alitoka kumutafuta mutoto wake, yaani alifanya jambo ambalo kila muzazi angefanya, na ni kwa kinywa chake yote inaharibika. Maana ya hadisi itafutwe pale fundo linapofunguka, si pale linapotupendeza sisi walimu. Na pale tunakuta jambo gumu kuliko shauri la nizamu: mapendo ya baba yalikuwa makubwa, na hayakutosha.

Wengine wanauliza: je, mutungaji anasadiki ulozi? Wanachanganya mutungaji na musimulizi. Musimulizi ni sauti inayotuongoza ndani ya kitabu, na katika Ngando sauti ile inasema habari za walozi sawa na habari za muto wenyewe, bila kucheka, bila kuomba ruhusa. Ni haki yake. Bila hiyo hatungeogopa kitu. Ninalolaumu ni lingine: pengine musimulizi anasimamisha mwendo kusudi aeleze desturi. Wasomaji wa Bruxelles katika 1948 walihitaji maelezo hayo. Mutoto wa Kinshasa hakuyahitaji, na kwake hadisi inasimama pale bila sababu, mamba akingoja.