Mkono katika Chumba cha Giza

Msomaji, ukipata bahati ya kuitazama picha iitwayo "Winter Sunrise", iliyopigwa na Ansel Adams wa Marekani katika miaka ya vita, yapata mwaka 1944, usiipite mbio. Picha hiyo haina rangi ila nyeupe, nyeusi na kijivu. Juu imesimama safu ya milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California, vilele vyake vimevaa theluji na vimepigwa na jua la asubuhi. Katikati vimelala vilima vyeusi kama masizi. Chini pana miti na malisho, na katika sehemu ndogo ya malisho hayo mwanga umeanguka. Ndani ya mwanga huo yumo farasi mmoja anayekula majani, mdogo kama punje ya mtama. Milima ni mikubwa kupita kiasi, lakini jicho halikai milimani. Hushuka, huvuka ule weusi, likatua juu ya farasi. Nani aliyeliongoza?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni subira. Adams alikwenda mahali pale, karibu na mji mdogo wa Lone Pine, asubuhi kadhaa za baridi kali pasipo kuipata picha aliyoitaka. Siku ilipopatikana, farasi yule alimpa mgongo kwa muda mrefu, kisha akageuka ubavu mwishoni kabisa, kabla ya jua kuenea bondeni kote. Utasema ni bahati. Naam, lakini bahati hiyo ilimkuta mtu yu macho.

Sehemu ya pili ilifanyika katika chumba cha giza, na hii yataka maelezo, maana vijana wa leo wamezaliwa wakakuta picha zi ndani ya simu. Katika kusafisha picha kwa njia ya zamani, mwanga hupitishwa katika filamu ukaangukia karatasi yenye dawa. Palipopata mwanga mwingi huwa peusi, palipopata mchache hubaki peupe. Basi fundi hukinga mwanga kwa kiganja, au kwa kipande cha karatasi nzito kilichofungwa kwenye waya, ili mahali fulani pabaki peupe. Na mahali pengine huongeza mwanga ili paingie kiza. Ni kazi ya sekunde chache, na mkono ukitetemeka, karatasi hutupwa na kazi huanza upya. Leo kompyuta hufanya mambo yayo hayo kwa kidole kimoja, na akikosea mtu hurudi nyuma bila hasara.

Adams hakuificha kazi hii. Aliiandikia vitabu na kuifundisha. Kwa kuwa alijifunza kupiga piano tangu ujana, aliifananisha filamu na muziki ulioandikwa, na picha iliyosafishwa na muziki unaopigwa. Mtazame katika "Moonrise, Hernandez", picha ya mwaka 1941 yenye mwezi juu ya kijiji na misalaba myeupe ya makaburi. Katika nakala za mwanzo mbingu ina mawingu mepesi; katika zile alizosafisha miaka ya baadaye mbingu imekuwa karibu nyeusi, na mwezi na misalaba vyang'aa kuliko kwanza. Filamu ni ile ile.

Je, huu ni uongo? Mimi nasema sio. Ukimwona swala jioni katikati ya kichaka, jicho lako humchagua swala, na miiba yote humzunguka pasipo kukusumbua. Kamera haina uchaguzi huo. Huandika mwiba na swala kwa heshima moja, na picha ikatoka yenye vitu elfu visivyo na bwana. Mwenye kuvitia kiza vichaka na kumwachia mnyama mwanga hakuongeza kitu wala hakuondoa kitu. Amerudisha yale ambayo jicho lilikuwa nayo. Mashindano makubwa ya picha za wanyama yanayoendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London hukubali kiza na mwanga vya namna hiyo, lakini hukataza kuongeza au kufuta mnyama, mtu au kitu.

Na hapa ndipo ninapogombana na Adams. Juu ya vilima vile vyeusi palikuwa na herufi mbili kubwa nyeupe, L na P, zilizopakwa chokaa na vijana wa shule ya sekondari ya Lone Pine. Ni alama ya mji wao. Adams alizichukia, akaziona kuwa ni kovu katika uso wa nchi, akazifuta. Mwenyewe alikiri jambo hilo waziwazi, na kwa ukweli huo namheshimu. Hata hivyo kiza husema, "Tazama huku", ufutaji husema, "Hapa hapakuwa na mtu." Maneno hayo mawili si ndugu.

Mtetezi wake atanijibu kwamba chokaa juu ya kilima ni uchafu, na kwamba mpenda maumbile ana haki ya kutuonyesha nchi ilivyo safi. Jibu hili lingenitosha kama lisingekuwa na wajukuu. Fikiri juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 kando ya mji wetu. Mpiga picha akimtia twiga mwanga na kuyafifiza majumba marefu nyuma yake, simlaumu. Lakini akilifuta daraja la reli lipitalo juu ya mbuga ile, kilomita 6 za nguzo na saruji, mtazamaji aliye mbali ataamini kwamba faru wetu wanaishi mahali pasipoguswa. Watu walibishana sana juu ya daraja hilo kabla halijajengwa na baada yake. Katika picha ile ubishi wote hauna maana, maana lililobishaniwa halipo.

Tena Adams alijua kuliko wengi kwamba bonde lile halikuwa tupu. Aliletwa huko na kazi ya kupiga picha katika kambi ya Manzanar, karibu na Lone Pine, walikozuiliwa watu zaidi ya 10,000 wenye asili ya Kijapani wakati wa vita, wengi wao wakiwa raia wa Marekani. Akawaonyesha nyuso zao katika kitabu cha mwaka 1944, kazi iliyotaka moyo. Mkono ule ule uliowaleta hao mbele ya macho ya watu uliwaondoa vijana wa kilimani.

Picha ya farasi bado naipenda, na ningeitundika ukutani kwangu. Lakini filamu haikukubali kusafika yote. Herufi ziliacha mabaki, na kila Adams aliposafisha nakala mpya ilimbidi ayazibe tena kwa mkono, nakala baada ya nakala, vijana wenyewe wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima.