Damon Albarn: Mwimbaji wa Makundi Mengi na Siku 5 za Kinshasa

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Maisha ya kisanaa ya Damon Albarn, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, yanaelekea kuukanusha usemi huo. Ndiye mwimbaji wa Blur, kundi lililotoa albamu ya kwanza mwaka 1991. Pamoja na mchoraji Jamie Hewlett aliunda Gorillaz, bendi ambayo wanamuziki wake ni picha za kuchorwa; mwaka 2007 akatokea tena na The Good, the Bad & the Queen, ambamo mpiga ngoma alikuwa Tony Allen wa Nigeria. Lakini wingi wa makundi si hoja. Linalostahili kuhakikiwa ni nafasi anayojitwalia msanii huyu katika kila kundi, na kwa msomaji wa Kongo mfano ulio karibu ni DRC Music.

Mwezi wa Julai 2011 Albarn alifika Kinshasa pamoja na watayarishaji wapatao 10. Kwa muda wa siku 5 walirekodi wanamuziki wenyeji zaidi ya 50, na mwaka huohuo ikatoka albamu Kinshasa One Two, ambayo mapato yake yalikusudiwa kusaidia kazi za shirika la Oxfam. Sauti ya Albarn mwenyewe husikika kwa nadra, kama katika wimbo "Hallo", anapoimba pamoja na Nelly Liyemge. Mtu aweza kukuita kujificha huko unyenyekevu. Hata hivyo, asiyeimba ndiye aliyeshika mkasi. Sauti zilizorekodiwa zimekatwa vipande na kurudiwarudiwa kwa mashine, hata mahali pengine mwimbaji amekuwa chombo kimojawapo tu, na maneno yake mlio mtupu. Msikilizaji wa London huenda asione upungufu wowote. Yule wa Kinshasa, au hata wa Lubumbashi, aliyelelewa na dansi la Kilingala redioni, hungojea ubeti unaofuata, kisha sebene, pale magitaa yanaposhika usukani, navyo haviji. Kilichookoka ni mdundo: ngoma za mtaani zimebaki na ukali wake, na kwa hilo albamu yastahili kusikilizwa.

Miongoni mwa walioshiriki alikuwamo Jupiter Bokondji na kundi lake Okwess International, ambalo lilikuwapo miaka mingi kabla ya ugeni huo kuwasili (jambo ambalo wasifu wa haraka hupenda kulisahau). Kundi hilo lilipotoa Kin Sonic mwaka 2017, Albarn alishiriki kwa kupiga kinanda. Hapo mambo yamegeuka: nyumba ni ya Bokondji, naye Mwingereza ni mgeni. Nyimbo huenda kwa mwendo wake zenyewe mpaka mwisho, na kinanda hujitafutia upenyo kati ya gitaa na ngoma, bila kuuamuru wimbo ukome wapi.